Gauti ikikushika usiku wa manane: breki za mwili na jinsi ya kuzisaidia

Sindano ya dikilofenaki si tiba ya gauti, ugonjwa huu wa viungo kuvimba na kuuma. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninalolirudia kuliko yote nikiwa nyuma ya kaunta yangu hapa Nairobi kando ya Jogoo Road, hasa Jumatatu, wakati wanaume waliokuwa kwenye nyama choma ya Burma au Kenyatta Market wikendi nzima wanapoingia wakichechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Sindano hutuliza, sikatai. Lakini anayejua kutuliza tu atarudi mwezi ujao, na mwingine, mpaka siku moja shida itakayomleta iwe ni figo.

Mimi ni mwanafamasia. Nitakueleza jinsi ya kuvuka shambulio la gauti, au jongo kama wazee wengine wanavyoiita, na jinsi ya kuzuia linalofuata. Lakini nitapita njia ndefu kidogo. Mwili wako una breki zake za kuuzuia uvimbe huu, na dawa karibu zote ninazokupa hufanya kazi pale pale breki hizo zilipo. Ukijua dawa gani inakanyaga breki ipi, hutahitaji mtu wa kukukumbusha saa ya kuimeza.

Kinachotokea kwenye kidole gumba cha mguu

Asidi ya yuriki ni taka inayobaki mwili unapovunja purini, kemikali zilizomo ndani ya seli zetu na ndani ya chakula. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja zaidi. Sisi hatuna, kilipotea kwa mababu zetu wa mbali mno. Kwa hiyo tunategemea figo kutoa karibu theluthi mbili ya asidi hiyo, na utumbo theluthi iliyobaki. Ikipita takriban miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, inaweza kuanza kuganda kuwa fuwele nyembamba zilizochongoka, na huganda kwa urahisi zaidi mahali penye ubaridi, mbali na moyo. Ndiyo maana mara nyingi kidole gumba cha mguu huwa cha kwanza.

Wengi hudhani fuwele hizo ndizo zinazowachoma kwa ncha zake. La. Zinaweza kukaa kwenye kiungo miaka mingi na usihisi kitu. Maumivu yanatengenezwa na kinga yako mwenyewe, ile kinga ya kuzaliwa nayo ambayo haihitaji kumfahamu adui ndipo ipigane.

Kwenye utando wa kiungo kuna makrofaji, seli ambazo kazi yao ni kumeza uchafu. Makrofaji humeza fuwele, na fuwele hupasua lisosomu, kile kifuko ambamo seli huyeyushia ilichomeza. Potasiamu hukimbilia nje ya seli. Protini moja iitwayo NLRP3, ambayo wakati wa amani hukaa imejikunja, huhisi hali imeharibika. Inakunjuka, inajikusanya na nyingine za aina yake, inashikana na protini ya kuunganisha iitwayo ASC, na zote zinajipanga kuwa mtambo mmoja mkubwa. Mtambo huo ndio inflamasomu. Maabara ya Jürg Tschopp huko Uswisi ndiyo iliyoupa jina mwaka 2002, na mwaka 2006 maabara hiyo hiyo ikaonyesha kwamba fuwele za gauti huuamsha.

Mtambo ukishajengwa, unaamsha kimeng'enya kiitwacho kaspasi-1. Hicho hukata protini, na mbili ndizo zinazotuhusu hapa. Ya kwanza ni interlukini-1 beta, mjumbe anayeamuru uvimbe, ambayo haiwezi kufanya lolote mpaka ikatwe. Ya pili ni gasdamini D, ambayo ikikatwa hutoboa matundu kwenye utando wa seli, na kupitia matundu hayo interlukini humwagika nje. Hapo mishipa ya damu hupanuka, seli nyeupe ziitwazo nutrofili huitwa kwa maelfu, na wewe unaamka saa nane za usiku huwezi kuvumilia hata shuka.

Breki zenyewe

Sasa fikiria: seli zako humeza takataka kila siku. Kama kila takataka ingejenga mtambo huo, tusingetoka kitandani. Mwili umeweka vizuizi kila hatua, na hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa hiyo vumilia.

Kizuizi cha kwanza ni kwamba fuwele peke yake haitoshi. Zinahitajika ishara mbili. Ishara ya kwanza huiambia seli itengeneze ile interlukini mbichi na kuongeza NLRP3. Huletwa na vipande vya bakteria, au na mafuta. Ishara ya pili, kama fuwele, ndiyo inayojenga mtambo. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Leo Joosten lilionyesha kwamba asidi za mafuta zikikutana na fuwele za gauti, seli hutoa interlukini-1 beta kwa wingi, ilhali fuwele zikiwa peke yake hazifui dafu. Sasa tazama sahani ya Jumamosi: mbavu za mbuzi zinazodondosha mafuta, mutura pembeni, na chupa za bia. Nyama na bia zimepandisha asidi, mafuta yameleta ishara ya kwanza, na fuwele zilikuwepo tayari. Hujarogwa.

Kizuizi cha pili kiko kwenye NLRP3 yenyewe. Seli huibandika alama za ubikwitini, protini ndogo inayotumika kama lebo, na protini yenye alama hizo haiamki kirahisi. Nyingine hupelekwa kuvunjwa kabisa. Lazima kimeng'enya kingine kiondoe alama kwanza ndipo mtambo ujengwe. Pia seli hujila yenyewe kwa kiasi: hukusanya mitokondria (vile viwanda vyake vya nishati) zilizoharibika na kuziyeyusha, maana uchafu unaovuja humo huichokoza NLRP3.

Halafu kuna protini fupi fupi ambazo binadamu anazo, zinazofanana na kipande kimoja tu cha ASC au cha kaspasi. Hukaa pale penye nafasi ya kuunganishia na kuizuia, kazi hazifanyi. Panya wa maabara hawana protini hizo. Kwa hiyo ukitumiwa habari kwenye simu kwamba dawa fulani imemaliza uvimbe kwa panya, furahi kwa ajili ya panya kwanza.

Hata gasdamini ikishatoboa seli, mambo hayajaisha. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba seli inaweza kukata kile kipande cha utando chenye matundu, ikakitupa nje na kuendelea kuishi. Na interlukini iliyokwisha kumwagika nayo ina wapinzani: mwili hutengeneza protini inayokalia kipokezi chake bila kukiwasha, na hutengeneza pia vipokezi bandia vinavyoinasa tu.

Breki ya mwisho inanishangaza mpaka leo. Nutrofili zile zile zilizoitwa kupigana, zikijaa vya kutosha, hutema nyuzi za DNA yao na kushikamana kuwa mabonge yanayonasa fuwele na kukatakata zile protini za uvimbe. Watafiti wa Erlangen, Ujerumani, waliieleza kazi hiyo mwaka 2014. Hii ni sababu mojawapo ya shambulio la gauti kuisha lenyewe ndani ya siku 7 hadi 14, hata usipomeza kitu. Na ndiyo sababu kila mzizi unaochemshwa siku ya kumi "huponya" gauti.

Ukitaka kujua breki hizi zina thamani gani, watazame wasiokuwa nazo. Mwaka 2001 daktari Hal Hoffman na wenzake huko Marekani walikuta kwamba familia fulani, ambazo watu wake hupata homa, vipele na maumivu ya viungo wakipigwa na hewa ya baridi tu, zina kasoro katika jeni ya NLRP3. Mtambo wao hujengwa bila sababu ya maana. Kwa upande mwingine, mtambo huu si adui wa kuondolewa. NLRP3 hiyo hiyo huamshwa na hemozoini, ile chembe nyeusi ambayo vimelea vya malaria huiacha wakishakula damu, na mitambo mingine ya jamii yake hutambua bakteria kama salmonela. Tunataka kuituliza, si kuing'oa.

Usiku wenyewe

Kwanza hakikisha ni gauti. Kama hujawahi kupimwa, au una homa na kutetemeka, au kuna kidonda karibu na kiungo, au una kisukari au kinga dhaifu, usije dukani kwangu. Nenda hospitali usiku huo huo. Bakteria wakiingia kwenye kiungo hukiharibu kwa siku chache, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kipimo cha uhakika ni kuvuta maji ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwa hadubini ya mwanga maalumu, njia iliyoanza mwaka 1961. Najua si kila kliniki ya mtaa inayo, lakini uliza.

Kama daktari alishathibitisha gauti na akakuandikia kolkisini, imeze mara unaposikia kidole kinaanza. Hapo ndipo ile safari ndefu kuhusu mtambo inapokusaidia. Kolkisini huvunja mikrotubuli, nyuzi ambazo seli huzitumia kusogeza vitu ndani yake. NLRP3 na wenzake huzihitaji ili wakutane, na nutrofili huzihitaji ili zitambae mpaka kwenye kiungo. Ukiimeza ndani ya saa 12 za mwanzo, unazuia mtambo unaojengwa. Ukiimeza siku ya tatu, interlukini imeshamwagika na wageni wameshafika.

Kipimo cha siku ya kwanza kwa vidonge vya mg 0.5 ni viwili, kisha kimoja baada ya saa moja, basi kwa siku hiyo. Wazee wengi walifundishwa kumeza kila saa mpaka waharishe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulilinganisha jumla ya mg 1.8 na mg 4.8: nafuu ilikuwa ile ile, kuharisha kulizidi mno kwa waliomeza nyingi. Kuharisha ni sumu inaanza, si dalili kwamba dawa imefika. Na kolkisini ikizidi huua, kwa hiyo iweke mbali na watoto. Wenye figo dhaifu wapunguziwe na daktari au wasipewe kabisa. Usiichanganye na klarithromaisini (ya bakteria), ketokonazoli (ya fangasi) au dawa za HIV zenye ritonaviri, maana hizo huzuia mwili kuiondoa. Ndiyo sababu sipendi mtu kumtuma mwendesha boda aje kununua kolkisini. Maswali yangu yeye hawezi kuyajibu.

Dikilofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hufanya kazi kwenye hatua za mwisho kabisa. Huzuia prostaglandini, zile kemikali zinazoongeza maumivu na joto baada ya interlukini kutoa amri. Mtambo wenyewe hazigusi. Kwa mtu mwenye figo nzima, tumbo lisilo na vidonda na presha iliyotulia, siku chache ni sawa, tena hufanya kazi vizuri. Ila ibuprofeni iliyobaki nyumbani na dikilofenaki ya jirani ni dawa za ukoo mmoja. Ukimeza zote mbili umezidisha madhara, si nafuu.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa kawaida mg 30 hadi 35 kwa siku tano, hugusa hatua ya mapema zaidi: hunyamazisha ile ishara ya kwanza, interlukini mbichi isitengenezwe. Ndiyo dawa ya wengi ambao figo zao hazitaki hizo nyingine. Lakini hupandisha sukari, na inahitaji cheti cha daktari. Dawa za "asili" zisizo na lebo zinazoondoa gauti kwa saa mbili zinitie shaka na wewe zikutie shaka, kwa sababu njia rahisi ya kupata matokeo hayo ni kusagia steroidi humo.

Zipo pia dawa zinazoiga breki za mwili moja kwa moja. Anakinra ni nakala ya kiwandani ya ile protini inayokalia kipokezi cha interlukini-1. Canakinumab ni kingamwili inayoinasa interlukini-1 beta yenyewe, na Ulaya iliiruhusu kwa gauti mwaka 2013. Bei yake si ya kuzungumziwa kwenye matatu. Kwenye rafu yangu hazijawahi kukaa.

Barafu husaidia: ifunge kwenye kitambaa, weka dakika 20, pumzika, rudia. Inua mguu. Usikande.

Wiki mbili baadaye

Usipime asidi ya yuriki siku ya maumivu halafu ukafurahi. Wakati wa shambulio inaweza kushuka hadi kiwango cha kawaida, na nimeona watu wakiambiwa hawana gauti kwa karatasi ya aina hiyo. Subiri wiki mbili au zaidi baada ya kupona. Angalia pia maabara imetumia kipimo gani: lengo la matibabu ni chini ya miligramu 6 kwa desilita, ambayo ni sawa na takriban maikromoli 360 kwa lita. Mtu hunijia ametetemeka kwa kuona 340, akidhani amekwisha, kumbe yuko salama.

Kama mashambulizi yanajirudia, au kuna vinundu chini ya ngozi, au figo zimeguswa, daktari atakuanzishia alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki. Hapa ndipo wengi wanapoikimbia dawa. Wanaimeza, wiki ya pili kidole kinalipuka, wanaitupa. Kilichotokea ni hiki: asidi imeshuka kwenye damu, fuwele za zamani zimeanza kuyeyuka na kubanduka, na makrofaji zimekutana na vipande vipya vya kumeza. Dawa inafanya kazi. Ndiyo sababu huanzwa kwa mg 100, au 50 kwa mwenye figo dhaifu, ikapandishwa polepole kila baada ya wiki kadhaa, huku kolkisini ya mg 0.5 ikiuzuia mtambo kwa miezi mitatu hadi sita. Shambulio likija katikati, litibu na uendelee na alopurinoli. Jambo moja tu la kukufanya uiache siku hiyo hiyo na kukimbilia hospitali: vipele vya ngozi, hasa vikija na homa au vidonda mdomoni.

Mpe mtu anayekutibu orodha ya dawa zako zote. Haidroklorothaiazidi na furosemaidi za presha hupandisha asidi. Losatani, nayo ya presha, huishusha kidogo. Pirazinamaidi, inayotumika miezi miwili ya mwanzo ya dawa za kifua kikuu, huipandisha pia. Usiache dawa za TB kwa sababu ya kidole. Iambie kliniki.

Chakula, kwa ufupi

Punguza matumbo, maini, figo, nyama nyekundu na omena. Bia ni mbaya kuliko watu wanavyotaka kuamini, na soda yenye sukari nyingi nayo hupandisha asidi, kwa hiyo kuacha Tusker ukahamia chupa kubwa ya soda si kuokoka. Lakini waacheni watu wale maharagwe na ndengu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mboga zenye purini haziongezi gauti, na bado kuna watu Nairobi wanaonyimwa githeri na jamaa zao huku wakiruhusiwa supu ya kichwa.

Kuna waliosoma kwamba kufunga hutibu uvimbe. Nusu yake ni kweli. Mwaka 2015 watafiti wa Yale walionyesha kwamba beta-haidroksibutireti, kemikali ambayo ini huitengeneza ukikaa na njaa muda mrefu, huizuia NLRP3. Nusu ya pili haisambazwi: kemikali hizo za njaa hushindania njia moja na asidi ya yuriki kwenye figo, na asidi hupanda. Usijifungie siku tatu kwa maji matupu. Kwa ndugu zangu wa Eastleigh na South C, Ramadhani mezeni alopurinoli baada ya futari, mnywe maji ya kutosha mpaka daku, na mwenye figo dhaifu au mashambulizi ya mara kwa mara amwone daktari Shaabani, asingoje mwezi uandame.

Ukija dukani, njoo na mambo haya kwenye simu yako: saa kidole kilipoanza kuuma, matokeo ya mwisho ya asidi ya yuriki na ya kreatinini (kipimo cha figo), na picha ya kila pakiti ya dawa iliyo nyumbani. Pakiti ipigwe picha upande wenye majina na miligramu, si ule wenye bei.